Ubao Mbele ya Kioo

Asubuhi jua linapoingia kwenye ukumbi wa wodi ya wagonjwa wa janga, kioo kinageuka maji. Ndivyo ninavyokiona mimi. Ni kioo kirefu, kinaanzia usawa wa magoti na kuishia karibu na dari. Nyuma yake watu wanatembea polepole, wamevaa nyeupe kuanzia utosini hadi visiginoni, kama mawingu yaliyoshuka kufanya kazi. Wanainama, wanainuka, wanawageuza wagonjwa, wanafungua na kufunga mitungi ya oksijeni, na hakuna sauti inayovuka kuja upande wetu. Ukisimama pale muda mrefu utadhani wewe ndiye uliyezama, na wao ndio walio nchi kavu.

Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia.

Mimi ni karani wa mapokezi. Kazi nilipewa kwa cheti cha masomo ya jioni, na janga lilinikuta nimetoka likizo ya uzazi, mwanangu ameanza tu kukaa bila kuegemezwa na mto. Nilikuwa namwacha kwa mama yangu asubuhi, na mchana kutwa maziwa yananikumbusha kuwa kuna mtu nimemwacha.

Walio ndani ya wodi hawakuruhusiwa kuingia na simu. Simu ikiingia kule haitoki mpaka ioshwe, na simu haipendi kuoshwa. Jioni wakitoka walilala bweni la wanafunzi wa uuguzi, nyuma ya jikoni, wasije wakapeleka ugonjwa nyumbani kwao. Kwa hiyo mchana kutwa habari ziliwafikia kwa vipande vipande: mgonjwa kasikia hivi, mfagiaji kasikia vile. Siku moja uvumi uliingia kwamba oksijeni imebaki ya siku hiyo tu. Wauguzi wawili wakalia wakiwa na miwani yao ya kinga, na ukilia ndani ya miwani ile huwezi kujifuta. Oksijeni ilikuwepo tele. Ila hakuna aliyekuwa amewaambia.

Matroni, mkuu wa wauguzi wote, akaagiza tangazo lichapwe kila asubuhi na kubandikwa kwenye kioo. Likabandikwa, lakini hakuna aliyelisoma. Miwani yao ilijaa mvuke, na herufi zenyewe zilikuwa kama sisimizi.

"Karani," fundi wa oksijeni akaniambia, mtu ambaye maneno hayamwishi, "mimi sina miwani na bado naona mmebandika kitambaa cha madoadoa. Andika kwa mkono. Andika kama unamwandikia bibi yako aliyesahau miwani kwa jirani."

Basi tukaleta ubao mweupe wa magurudumu, mkubwa kama mlango, tukaugeuzia kioo. Kila asubuhi na kila mchana niliandika mistari mitatu, herufi zenye ukubwa wa kiganja. OKSIJENI IPO. GLOVU ZIMEFIKA. MZEE ALIYETOKA JUZI AMEFIKA KWAKE, ANAWASALIMU. Nao wakajitungia lugha yao. Mkono kichwani maana yake tumeelewa. Kugonga kioo mara mbili maana yake rudia.

Matroni alinipa sharti moja. "Ubaoni hakiendi kitu ambacho hakijathibitishwa. Wale wameshika roho za watu mikononi. Ukiwapa neno la kubahatisha umewapa sumu." Sikumbishia. Nilikuwa nimeyaona yale machozi ndani ya miwani.

Aliyeongoza zamu ya ndani tulimwita Shangazi, hata madaktari walimwita hivyo, kwa kuwa alikemea kama shangazi, kwa mapenzi na bila kupumzika. Kioo hakikumzuia. Alinyoosha kidole kwenye mashavu yangu: umekonda. Alipakata hewa mikononi akaibembeleza: mtoto hajambo? Nami nikamwonyesha kwa mikono jinsi mwanangu anavyojaribu kutambaa anarudi kinyumenyume, na lile wingu likatikisika mabega.

Halafu, kila siku, baada ya mistari mitatu kusomwa, Shangazi alichora tumbo kubwa hewani, akangoja. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa mjamzito. Nilipiga simu kwa binti, nikarudi, nikaandika mstari wa nne pembeni, mdogo kuliko mingine: BADO. Shangazi akaweka mkono kichwani, akaenda kwa wagonjwa wake.

Siku yenyewe ilianza na mawingu na manyunyu, mwanga umelainika kama uliochujwa kwa chandarua. Wodi ile ina dirisha la upande linalotazama uwanja wa geti. Nilikuwa nimesimama na fundi, namalizia mstari wa glovu, alipoacha kuongea ghafla. Fundi kuacha kuongea si jambo dogo.

"Karani, mtazame Shangazi."

Shangazi alikuwa kwenye dirisha la upande, mikono yote miwili juu ya kioo. Uwanjani walikuwa wanamsukuma mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, amejikunja juu ya tumbo lake. Alikuwa anakohoa. Alikohoa mpaka wakasimamisha kiti, akapumua, wakaendelea. Kisha wakapotea nyuma ya ukuta wa leba, wodi ya kujifungulia. Shangazi akaja kwenye kioo changu. Akachora tumbo hewani. Mara hii hakulichora vizuri.

Nilimkimbilia Matroni ofisini kwake.

"Nimemwona," akasema kabla sijafungua mdomo. "Uchungu umeanza mapema, na kifua hakiko sawa. Wamechukua kipimo. Mpaka majibu yatoke na mtoto azaliwe, usiandike chochote kumhusu."

"Lakini mama yake anasubiri, Matroni."

"Asubiri. Nikimpa nusu ya habari, nusu nyingine ataimalizia mwenyewe, na hataimalizia kwa wema."

Nilirudi ukumbini nikiwa sina la kuandika. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha spiriti, nikaufuta ubao wote, mistari yote pamoja na ile BADO yake, mpaka ukang'aa. Nilitaka aone nimemwekea nafasi. Kwenye darasa letu la jioni mwalimu akifuta ubao sote tulikaa sawa, maana kitu kipya kinakuja. Nikasogea pembeni ili auone vizuri.

Ndani, mawingu yakasimama, moja baada ya jingine. Muuguzi aliyekuwa anabeba shuka akasimama nazo kifuani. Shangazi aliutazama ubao, akanitazama mimi, akautazama tena ubao. Akaegemea meza ya dawa kama mtu aliyekatwa kamba. Kisha mikono yake ikapandana, kidole kikatafuta utepe wa gundi uliofunga glovu kwenye mkono wa vazi, kikaanza kuubandua.

Fundi akanishika bega. "We mama, umefanya nini?"

"Nimefuta tu."

"Kule ndani kila kitanda kina kibao cheupe kichwani, kina jina na dawa za mtu. Mtu akifariki, hawasemi kitu, wagonjwa wengine wasishtuke. Wanakifuta." Alikuwa anaingia kule kubadili mitungi, alijua desturi zao. "Umemwambia binti yake amekufa. Na akivua pale aliposimama, ugonjwa huo kaubeba. Na akitoka, wagonjwa wanabaki na nani, na wale wauguzi wawili, watoto waliohitimu juzi?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Sikujua kuwa mshindo wenyewe unaweza kupita kwenye kioo kisichopitisha sauti.

Nilishika kalamu. Kila nilichotaka kuandika kilikuwa hakijathibitishwa. Mzima? Sijui. Atajifungua salama? Sijui. Hana ugonjwa? Sijui. Nikamkumbuka mwanangu anavyoamka analia nami sijui ni tumbo, jino au ndoto, na ninachoweza kumwambia ni kimoja tu, kwamba nipo. Hapo nikaona kuna neno moja ambalo nilikuwa nalijua kwa macho yangu mwenyewe. Nikaliandika kwa herufi kubwa kuliko nilizowahi kuandika.

YUKO HAI.

Chini yake: YUKO LEBA. SIJUI ZAIDI. NAENDA KUMWONA. NARUDI.

Kidole cha Shangazi kikasimama, utepe unaning'inia. Akaja kwenye kioo taratibu, kama anayetembea ndani ya maji ya kiunoni. Akagonga mara mbili.

Nikapitisha wino tena juu ya herufi zilezile. YUKO HAI. Akagonga tena. Nikapitisha tena, mpaka zikawa nene kama kamba. Ndipo akaweka mkono kichwani, na mmoja wa wale wauguzi vijana akamshika mkono mwingine, akamfunga utepe upya kama mtu anayemfunga mtoto vifungo.

Nikaenda leba. Kuna njia ndefu yenye paa, imefunguka pande zote mbili, na manyunyu yalikuwa yanapita humo kama pazia linalopepea. Kabla sijafika nilisikia vichanga vinalia na maziwa yakanijaa. Nilifika nimeshika kifua changu kama niliyeiba kitu.

"Nani anamuulizia?" mkunga aliniuliza, kichwa tu kimetokeza mlangoni.

"Mama yake."

Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mama gani, wewe si rika langu?"

"Mama yake yuko nyuma ya kioo. Mimi ni mdomo wake."

Kutoka ndani sauti ikaja, imekwaruza kwa kikohozi lakini ina nguvu. "Mwambie mama asiniletee habari za pumua polepole. Nimepumua polepole mpaka nimechoka, na mtoto hana habari."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Akisikia nimekuwa mpole ndiyo atajua nakufa."

Nilirudi mbio, nikaandika: ANASEMA AMECHOKA KUPUMUA POLEPOLE. Mabega ya Shangazi yakaanza kutikisika. Sikujua kama anacheka au analia, mpaka wote nyuma yake wakatikisika pia, mawingu yote, kicheko kisicho na sauti.

Basi ikawa hivyo kutwa nzima. Nilienda na kurudi, na kila niliporudi niliandika kidogo nilichokiona, hata kama ni kitu cha kipuuzi. AMEKUNYWA CHAI. CHAI IMERUDI. AMEMWAMBIA MKUNGA MIKONO YAKE NI YA BARIDI. NJIA INAFUNGUKA, POLEPOLE. Na kila mara mstari wa mwisho ulikuwa uleule: KIPIMO: SIJUI BADO. Wale wa ndani walifanya kazi zao, wakipita mbele ya kioo wanapunguza mwendo, wanasoma, mkono kichwani, wanaendelea. Mgonjwa mmoja, baba mnene aliyekuwa anawasumbua siku zote kwa kukataa kulala kifudifudi, aliuliza wanasoma nini. Walipomwambia, akakubali kugeuzwa, kwa sharti kwamba uso wake uelekee ubaoni.

"Karani," fundi akasema akiviringisha mtungi kupita, "umewafungulia redio. Sasa usithubutu kuizima."

Mchana ulikuwa umeshalegea Matroni aliponikuta pale. Alikuwa na karatasi ya maabara mkononi. Alisimama nyuma yangu akausoma ubao wote, toka chai mpaka kipimo, hata mimi nikaanza kusikia manyunyu juu ya bati.

"Nani alikuruhusu kuandika SIJUI kwenye ubao wa hospitali?"

"Hakuna, Matroni."

"Sharti langu lilikuwa nini?"

"Kisiandikwe ambacho hakijathibitishwa."

"Na hili limethibitishwa?"

"Lipi?"

"Kwamba hujui."

Nilifikiri. "Limethibitishwa kabisa, Matroni. Sijui hata kidogo."

Fundi akapata kikohozi cha ghafla kisicho cha ugonjwa. Matroni hakucheka, ila pembe za macho yake juu ya barakoa zilijikunja. Kisha zikanyooka, akanyoosha mkono apewe kalamu.

"Hili la sasa si la karani," akasema.

Hapo nikajua majibu. Nilimpa kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, wa mtu aliyezoea kuandika akiwa amesimama, lakini aliuandika mkubwa.

KIPIMO: ANAO. ANAPUMUA MWENYEWE. MTOTO YUKO KARIBU.

Hakuondoka baada ya kuandika. Alibaki mbele ya kioo, mikono chini, akitazamana na Shangazi. Wanawake hawa wawili walianza kazi pamoja wakiwa wasichana, niliwahi kusikia. Nilidhani mara hii Shangazi atashuka chini. Nilijiandaa kukimbia, ingawa sijui ningekimbilia wapi na kioo kiko katikati.

Hakushuka. Alilisoma lile neno mara nyingi. Halafu akageuka, akaenda kwenye kitanda cha pembeni kilichokuwa kitupu, akaanza kukitandika. Alikunjua shuka safi, akaipepea, ikatua. Akakunja pembe zake, akazipitisha chini ya godoro, akazivuta mpaka zikanyooka kabisa. Ilinichukua muda kuelewa. Wenye ugonjwa wote walikuwa wanaletwa kwenye wodi ile. Yeye hakuweza kutoka kumfuata mwanawe, na lile neno tuliloogopa kuliandika ndilo lililokuwa linamleta mwanawe kwake.

"Mficha maradhi," Matroni akasema taratibu, kama anajisemesha. Hakuimalizia. Alinirudishia kalamu na kwenda kuagiza machela.

Nilikuwa katikati ya ile njia ya paa niliposikia kilio kipya. Sijui nilijuaje kwamba ndicho, vichanga vilikuwa vingi mle. Nilijua tu. Maziwa yakanitoka yakalowesha blauzi, nikasimama pale na manyunyu pande zote mbili, nikacheka peke yangu kama aliyerukwa na akili. Mkunga alitokeza kichwa, akaniambia kabla sijauliza. "Wa kike. Mzima. Mama amechoka lakini anatukana vizuri."

Niliandika: WA KIKE. ANALIA. MAMA YAKE SALAMA. Fundi akaninyang'anya kalamu, akaongeza: SAUTI KARITHI KWA BIBI. Ndani, glovu zikapigana makofi. Yalikuwa makofi laini, hayasikiki, kama mbawa za njiwa wengi mbali sana.

Jua lilikuwa limechungulia chini ya mawingu walipompitisha binti kwa mlango wa upande. Tuliwatazama tukiwa nje. Sijui nilitarajia nini, labda kukumbatiana. Shangazi kwanza alimshika kidole akakivalisha kile kipimo cha oksijeni, akasoma namba, akasoma tena. Akamrekebishia mto. Akatazama midomo yake, kucha zake. Kazi yote ilipokwisha ndipo akainama, akagusanisha miwani yake na paji la uso la mwanawe, akakaa hivyo. Mwanga ulikuwa umewajaa, sikuweza kuona nani anaishia wapi.

Jioni ile nilioga hospitalini, nikaoga tena nyumbani, ndipo mama yangu akanipa mwanangu. Akanitazama ninavyonyonyesha.

"Leo uliwaandikia nini?"

"Niliwaandikia kwamba sijui."

"Makubwa. Na wewe ungeandikiwa sijui, moyo ungetulia?"

"Ungetulia, mama, kama aliyeandika anakwenda kuuliza na anarudi."

Mama akafikiri, akavuta shuka akamfunika mwanangu miguu. "Basi kesho uwahi," akasema.

Mtoto wa binti alipimwa, akaonekana hana ugonjwa. Kwa kuwa mama yake alihitaji oksijeni usiku mmoja, kisha mwingine, kichanga kilibaki upande wetu, na kila asubuhi mkunga alikileta mbele ya kioo. Shangazi na binti yake walikitazama kwa utulivu, kama watu wanaosoma mstari mrefu wasiotaka uishe. Nami niliandika mistari yangu. Matroni sasa alikuja mwenyewe na ile migumu. Siku oksijeni ilipopungua kweli, aliandika kwamba imepungua, akaandika lori liko wapi, akaandika asichokijua. Hakuna aliyelia ndani ya miwani.

Kisha ikaja asubuhi moja, jua limeshakigeuza kioo kuwa maji, nikafika na kalamu yangu nikakuta ndani kuna mtu amewahi. Binti alikuwa ameketi kitandani, mrija puani, rangi imemrudia. Alikuwa amepasua boksi la glovu, akalinyoosha, akaandika upande usio na maandishi, na Shangazi amelishika juu ya kioo kwa mikono miwili likitutazama sisi. Muda wote ule sisi ndio tulikuwa tunawaandikia wao. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba nao wana la kutuambia.

Nikamwita fundi. Fundi akamwita Matroni. Tukasimama kwa mstari, tukalisoma, polepole, maana kalamu ilikuwa imekaribia kukauka.

BABA MNENE AMETOLEWA OKSIJENI. ANAOMBA UJI. MTOTO WANGU MSIMBEBE SANA, BIBI YAKE ANASEMA MTAMDEKEZA.

Na chini, kwa herufi kubwa zaidi:

NA NYIE WA NJE, MMEKULA?

Matroni aliusoma tena ule ubao wa boksi. Mimi nilichukua kalamu, nikatafuta jibu la kweli, nikaandika kwamba bado, lakini tunakwenda sasa hivi. Shangazi akagonga kioo mara mbili, na vidole vyake vikabaki pale, vinasubiri, mpaka akaona tumegeuka kweli tunaelekea jikoni.